Saa za Kwanza Baada ya Mgonjwa Kufariki Hospitalini

Daktari akishathibitisha kifo, wauguzi humfumba marehemu macho, humfunga taya, hunyoosha viungo na kuondoa mirija. Hufanya hivyo mapema kwa kuwa mwili huanza kukakamaa baada ya saa chache. Kifo kikihitaji uchunguzi wa polisi, mirija huachwa ilivyo. Wafiwa wasidhani ni uzembe.

Ikiwa dini au mila yenu ina utaratibu wake, semeni kabla mwili haujapelekwa mochwari. Waislamu, kwa mfano, huwaosha na kuwakafini maiti wao wenyewe, na wauguzi wanaweza kuishia kwenye usafi wa lazima tu. Wasipoambiwa, hawatajua.

Tunalosisitiza kuliko yote ni utambulisho. Lebo yenye jina kamili na namba ya jalada hufungwa mkononi au mguuni. Siku ya kuuchukua mwili, ndugu anayemfahamu marehemu vyema aufunue uso na kuisoma lebo kabla ya kutia saini. Twafahamu uzito wa jambo hili, na mara nyingi hutumwa kijana yeyote aliye karibu na gari. Lakini majina hufanana, na kosa likigunduliwa mkoani, jeneza likiwa limekwisha kufika msibani, familia mbili huumia kwa pamoja.

Pete, simu na fedha za marehemu zipokelewe kwa orodha iliyotiwa saini. Ombeni pia kibali cha mazishi, kisha kifo kisajiliwe RITA ndani ya siku 30.