SOMO: ELIMU ISIYOFAHAMIKA HAIJAFIKISHWA

 

Mwenye elimu akiwaandikia watu wote jambo la dini, kisha wasilifahamu ila wanavyuoni wenziwe, huwa hajawafikishia kitu. Amana iliyo shingoni mwake bado ipo pale pale. Somo letu hili ni juu ya kuitimiza amana hiyo kwa kalamu.

Dalili ziko wazi. Katika Sura Ibrahim, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Nabii Musa, alipoamrishwa kwenda kwa Firauni, aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake watu wapate kufahamu maneno yake. Hayo yamo katika Sura Taha. Na Bukhari amepokea kwa Anas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akilikariri neno mara tatu hata lifahamike. Ikiwa Mitume wa Mungu walijitahidi wafahamike, sisi tutajivunia nini kwa maneno mazito?

Natutazame mfano. Mwanamke amefiwa na mumewe, naye ataka kuijua haki yake. Apewa karatasi iliyoandikwa: "Zauja hurithi thumni akiwapo far'u warithi." Kwa aliyesoma mirathi maneno hayo ni sahihi. Lakini thumni aijuayo mjane huyu ni ile ya senti hamsini, na "far'u warithi" hajapata kuisikia. Ataikunja karatasi yake aende kumuuliza shemeji. Na huenda shemeji ndiye aliyeishika mali. Hivyo ndivyo haki ya mtu ipoteavyo, na hali hukumu anayo mkononi.

Sasa hukumu ile ile na iandikwe hivi: "Mumeo akifa, kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha hulipwa madeni yake, kisha hutekelezwa wasia wake usiozidi sehemu moja katika tatu. Katika kinachobaki, ikiwa ameacha mtoto, awe wako au wa mke mwengine, au ameacha mjukuu kwa mtoto wake wa kiume, fungu lako ni sehemu moja katika nane. Zikibaki shilingi 80,000, zako ni 10,000. Asipoacha mtoto wala mjukuu huyo, fungu lako ni sehemu moja katika nne, yaani 20,000. Mkiwa wake zaidi ya mmoja, mtagawana fungu hilo sawasawa." Maneno yamekuwa mengi zaidi, lakini mjane hahitaji tena mtu wa kumfasiria.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana: wepesi wa lugha si upungufu wa hukumu. Vitabu vya fiqhi husema kuwa mali ya zaka hungojewa ipitiwe na "hauli". Mwandishi akiandika "mwaka" tu, wengi watahisabu Januari mpaka Disemba. Lakini mwaka wa zaka ni wa mwandamo wa mwezi, nao ni mfupi kwa kiasi cha siku 11. Katika miaka 33 ya Januari hupita miaka 34 ya Kiislamu, na mtu huyo itampita zaka ya mwaka mzima bila ya kujua. Basi sema: "mwaka wa Kiislamu, miezi 12 ya mwandamo." Hilo ni jepesi, na ni kweli.

Basi mwenye kuandika na ashike mambo manne:

Kwanza, amjue anayemwandikia: mwenye duka, mvuvi, mama wa nyumbani, si mwalimu wake aliyemsomesha.

Pili, maneno yaliyokwisha kuwa yetu, kama sala, zaka na edda, ayaache. Neno geni likiwa halina budi, alieleze pale pale linapotajwa mara ya kwanza.

Tatu, penye hisabu atoe mfano wa hisabu.

Nne, kabla ya kuitoa karatasi yake amsomee mtu asiyesoma vitabu, kisha amwambie aeleze alivyofahamu. Akieleza sivyo, kosa ni la maandishi, si la msikilizaji.

Wako wasemao kuwa kuandika hivi ni kuishusha elimu. Jawabu yao ni hii: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa bahari ya elimu, na Kiarabu hakikumshinda. Juu ya hayo, hapa Mombasa mwaka 1930 alitoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akawaandikia watu kwa Kiswahili wanachokisema; na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Sheikh Abdalla Saleh Farsy naye alitoa tarjuma kamili ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Je, elimu yao ilishuka? Bali ilishuka kutoka rafuni ikaingia majumbani, na huko ndiko ilikotakiwa.

Ndugu zangu wenye elimu, tusimfanye muulizaji atutegemee sisi siku zote kwa jambo awezalo kulisoma mwenyewe akalifahamu. Twamuomba Mwenyezi Mungu azifungue ndimi zetu na kalamu zetu, na atujaalie tuwe wenye kubainisha, wala si wenye kuficha. Amin.