SOMO LA MWEZI: FEZA YA SHABA, NA MTU ANAYEANGUKA



Mwezi uliopita, kisha somo la ekonomia, tulibaki chini ya mwembe tukibishana. Mmoja wetu alisema: «Matajiri walipe kodi kubwa, masikini wasaidiwe, njo mambo yamekwisha.» Mwingine akamjibu: «Ukimkamata tajiri kwa nguvu atakimbia na feza yake. Utabaki na nini?» Kengele ikalia mbele hatujapata jibu. Tangu siku ile nimesoma, nimeuliza wakubwa, nimefanya hesabu. Haya njo niliyopata. Anayeona kosa aniambie, nitalisahihisha katika bulletin ingine.

Kwanza tusikilizane juu ya maneno. Kodi wote tunaijua. Lakini kuna kitu kingine ambacho kodi inapaswa kukizaa: inchi iwe na namna ya kumshika mtu anayeanguka. Mgonjwa, mzee asiye na nguvu ya kulima, mjane, mwenye kupoteza kazi, mtoto ambaye wazazi hawana feza ya masomo. Katika somo hili nitaiita tegemeo la jamii. Kodi bila tegemeo ni unyang'anyi tu, na tegemeo bila kodi ni hotuba.

Wazee wetu wa Lunda walijua jambo hili kwa namna yao. Machifu wa mbali walipeleka mulambu kwa Mwant Yav, kule Musumba: chumvi, shaba, ngozi, chakula. Mfalme naye hakuweza kufungia vyote ndani ya nyumba. Alipaswa kugawa, kulisha wageni, kuwapa machifu vitu vya kurudi navyo kwao, la sivyo watu wangemwacha. Sitaki mfikiri ya kama zamani yote ilikuwa nzuri, kwa sababu hata watumwa walihesabiwa ndani ya mulambu. Ninasema tu ya kama kupeleka na kugawa vilikuwa njia moja yenye pande mbili.

Wabelgiji walipokuja, upande mmoja ulikatwa. Kila mwanaume mzima alilipa kodi ya kichwa kwa feza, awe ana mali, awe hana. Franka utazitoa wapi kama unalima muhogo tu? Ulipaswa kuzitafuta kwa mzungu, na Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitaka mikono. Kodi ile ilikuwa ya kumtoa mtu kwao. Njo maana wazee wengine hata leo wakisikia neno kodi wanafikiri askari.

Kiisha likaja tegemeo la namna ingine, na hili ninalijua kwa nkambo wangu wa kike, aliyeolewa Kolwezi. Union Minière, na kisha mwaka 1967 kampuni ya Leta ambayo leo tunaiita Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, lopitali, masomo ya watoto, na posho. Nkambo akianza kuhadisia posho hamalizi: unga wa bukari, samaki, mafuta, kila mmoja na kartu yake mkononi, na idadi ya watoto imeandikwa. Mtu akizaliwa, kampuni inajua. Mtu akigonjwa, kampuni inajua.

Lakini muangalie vizuri. Tegemeo lile lilikuwa la kampuni, halikuwa la inchi. Ndugu yake nkambo aliyebaki huku Sandoa kulima muhogo kando ya Lulua hakuwa na kartu. Shaba ilikuwa ya Zaire yote, wimbo wa taifa tuliimba wote, lakini posho ilikuwa ya mwenye namba.

Na nyumba iliyosimama juu ya mti mmoja, mti ukioza, inaanguka na wote waliomo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kila mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ilibomoka chini ya udongo. Mashine hazikutengenezwa, na feza ilikuwa imechukuliwa kwa mambo mengine miaka mingi. Mwaka 1994 kampuni haikufikisha hata tani 40,000. Katika miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini kwa feza ya kulipwa mara moja, feza ya Benki ya Dunia. Mara moja, basi. Lopitali na masomo yaliyokuwa haki ya mfanyakazi yakageuka kitu cha kununua. Hakukuwa na tegemeo la inchi chini yake la kuwapokea.

Sasa tuje kwa sheria ya leo, maana hapa njo penye hesabu. Tarehe 9 Machi 2018 Rais Joseph Kabila aliweka sahihi kwa sheria mpya ya migodi. Ndani yake kuna malipo yanayoitwa redevansi. Kampuni inayalipa juu ya bei ya mali inayouzwa, hata kama inasema haikupata faida. Kwa shaba, redevansi ilitoka 2% ikawa 3.5%. Kobalti nayo iliwekwa, mwisho wa mwaka ule ule, katika mali za lazima sana, na ikapanda mpaka 10%. Mnajua ya kama kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu, kupita nusu, na magari ya umeme ya Wachina na Wazungu yanaingoja.

Tuseme kobalti ya dola 1,000,000 imeuzwa. Redevansi ni dola 100,000. Sheria inaigawa hivi: 50% kwa Leta ya Kinshasa, njo dola 50,000. 25% kwa jimbo, njo 25,000. 15% kwa sheferi, sekteri ao komine ambamo mgodi uko, njo 15,000. Na 10% inaingia katika akiba ya watoto watakaozaliwa, FOMIN, maana shaba itakwisha siku moja. Kwa shaba ya bei ile ile fanyeni wenyewe hesabu, mtaona ni kidogo sana.

Nilipofika hapo nilifurahi. Niliona sheria ni nzuri: tajiri analipa, na jirani ya shimo anapata. Kiisha nikauliza: na Sandoa?

Jimbo letu la Lualaba, lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, lina muji wa Kolwezi na teritwari tano: Mutshatsha, Lubudi, Dilolo, Kapanga na Sandoa. Migodi mikubwa ya shaba na kobalti iko upande wa Kolwezi, Mutshatsha na Fungurume. Huku kwetu hapana mgodi wa namna ile. Basi ile 15%, siye hatuioni hata senti moja. Tunangoja ile 25% ya jimbo, kama wakubwa wa Kolwezi wanakumbuka ya kama kisha Kasaji njia ingali inaendelea.

Sisemi wale wa Fungurume wanapata bure. Vumbi ni lao, maji machafu ni yao, mashamba yaliyochukuliwa yalikuwa yao. Wanastahili. Lakini hapa kuna mambo mawili tunayoyachanganya: kumlipa mtu aliyeumizwa na mgodi, na kumsaidia mtu aliye na shida. Redevansi inafuata shimo. Njaa haifuati shimo.

Wenye kuandika Katiba ya 2006 waliliona jambo hili. Waliandika ya kama 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ya kama 10% iwekwe katika sanduku la kusawazisha, ili majimbo yaliyo nyuma yainuliwe. Ile 40% haijafuatwa kamili. Katika Katiba sanduku lile ni la kusawazisha jimbo na jimbo, na pia sheferi, sekteri na komine. Lualaba ndani ya karatasi ni jimbo tajiri, na mtu aliye masikini ndani ya jimbo tajiri anaweza kusahauliwa.

Inchi zingine zinafanya nini? Norwei walipata petroli baharini mwaka 1969. Kampuni za petroli zinalipa kodi ya 78% ya faida, na zingali huko, hazikukimbia. Feza inayobaki inawekwa akiba. Sheria ya akiba ile ni ya mwaka 1990, na Leta inajizuia kutumia kila mwaka kupita karibu 3% yake. Mtoto wa Norwei anazaliwa na akiba tayari. Lakini tusijidanganye: tegemeo lao halilipwi na petroli peke yake wala na matajiri peke yao. Muuza samaki naye analipa, na kodi ya vitu vingi vya duka ni 25%. Wanakubali kwa sababu wanaona feza ikirudi, lopitalini na katika masomo.

Na yule mwenzetu wa chini ya mwembe alisema nusu ya kweli. Mwaka 2022, Norwei ilipopandisha kodi juu ya mali ya matajiri, mmoja wao mkubwa, Kjell Inge Røkke, alihamia Lugano kule Uswisi. Mtu anaweza kukimbia na mali yake. Lakini mgodi wa Kamoto hauwezi kuhamia Uswisi! Hapa siye tuna nguvu ambayo wengine hawana. Kinachokimbia kwetu ni faida: kampuni inauzia dada yake wa inchi ingine kwa bei ya chini, na katika vitabu inaonekana imekula hasara. Njo maana inchi inahitaji wahesabu hodari kuliko askari. (Wale wanaokimbia somo la hesabu, mmesikia.)

Msiseme Norwei ni ya Wazungu basi hatuwezi. Zanzibar hawana shaba wala kobalti. Tangu mwaka 2016 serikali yao inampa kila mzee wa miaka 70 na zaidi feza kila mwezi. Ilianza na shilingi 20,000 za Tanzania. Hawamuulizi alifanya kazi kampuni gani. Mvuvi, mama wa shamba, wote. Ni kidogo, lakini ni yake, na hapigi magoti kwa mtu.

Kwetu sanduku la taifa la usalama wa jamii, CNSS, zamani INSS, ni la mwenye karatasi ya mshahara. Yeye anakatwa 5%, mwajiri anatoa 13%, na akizeeka anapaswa kupata pansheni. Ni vizuri. Lakini hesabuni wazazi wenu: ni wangapi wana karatasi ya mshahara? Katika darasa letu nilihesabu mikono sita, na mitatu kati yao ni watoto wa walimu. Wengine wote ni muhogo, mahindi, biashara ndogo. Lakini tangu mwaka 2012 TVA ya 16% inakaa ndani ya bei ya vitu vingi vya duka, na mama anayeuza muhogo anailipa sawasawa na mwenye magari kumi. Katika kulipa amehesabiwa. Katika kupokea, bado.

Hatua moja ilichukuliwa, na siye ni mashahidi. Tangu Septemba 2019 masomo ya primere ya Leta, na yetu ya makanisa yanayofanya kazi na Leta, hayalipwi na wazazi. Madarasa yalijaa mpaka watoto wanakaa chini, ni kweli, lakini wadogo zangu wawili wangali wanasoma kwa sababu hiyo. Inakoma pale wanapoingia segondere.

Mimi doyen, njo ninayesoma liste ya majina Jumatatu asubui. Mnanijua, na wengine mnanichukia kwa kazi ile. Mwaka huu nimesoma jina la rafiki yangu ambaye tuliketi benchi moja tangu utoto. Anapita mimi katika fizika. Baba yake amekufa, mama yake analima. Alikwenda kwao kutafuta feza, na mpaka ninaandika hajarudi. Walimu hawana kosa, nao wanangoja mshahara. Lakini nilichukua kalamu nikafanya hesabu: feza anayokosa ni dola 60. Redevansi ya kobalti ya dola 600.

Kazi ya nyumbani, kwa wa mwaka wa tatu na wa ine. Shaba ya dola 2,000,000 imetoka Mutshatsha. Tafuteni redevansi yake, muigawe kwa sehemu zake nne kama sheria inavyosema. Kiisha andikeni, kwa mistari kumi tu, namna gani ninyi mngeigawa ile sehemu ya jimbo kati ya teritwari tano na Kolwezi, na mueleze mmefuata nini: idadi ya watu, shimo, ao shida. Wekeni majibu katika sanduku la bulletin karibu na maktaba mbele ya Ijumaa. Matatu mazuri yatatiwa katika bulletin ijayo, kama karatasi itatosha.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa ine wa humanités