Somo la Afya: Vidonge Vitatu Si Dawa ya Kila Kikohozi

Kikohozi kinapokataa kuisha, wakazi wengi hupitia duka la dawa kabla ya kufika zahanati. Miongoni mwa dawa zinazoombwa bila cheti cha daktari ni azithromaisini, kwa kuwa dozi yake ni fupi. Kwa mtu mzima, mara nyingi ni vidonge 3, kimoja kwa siku. Ufupi huo huwafanya watu wengi waichukulie kuwa dawa nyepesi, ilhali ni antibiotiki inayohitaji uangalifu mkubwa.

Makrolaidi ni dawa gani?

Azithromaisini ni ya jamii ya antibiotiki iitwayo makrolaidi, pamoja na erithromaisini, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1952, na klarithromaisini. Kwenye pakiti, majina ya dawa hizi tatu huishia na herufi "thromycin".

Makrolaidi huzuia bakteria kutengeneza protini, hivyo hawawezi kukua wala kuzaana. Haziui virusi, na mafua pamoja na vikohozi vingi husababishwa na virusi. Hata mtoto akipatikana na nimonia, dawa ya kwanza kwa kawaida ni amoksilini. Mtoto anayepumua kwa kasi, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe kituo cha afya mara moja, si duka la dawa.

Kwa nini siku 3 zinatosha?

Azithromaisini huingia ndani ya tishu za mwili na kubaki huko siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa mgonjwa anayeihitaji, hiyo ni faida. Kwa asiyeihitaji, bakteria walio mwilini hukaa na dawa inayopungua polepole. Walio dhaifu hufa, wenye usugu hubaki, huzaana na kuambukiza wengine.

Usugu huo ukienea, watakaoumia ni wagonjwa wanaozitegemea dawa hizi: mwenye mzio wa penisilini, mtoto mwenye kifaduro, mama mjamzito mwenye klamidia au aliyelemewa na kipindupindu. Katika kaunti kama Turkana, Narok na Kajiado, azithromaisini imegawiwa jamii nzima ili kukomesha trakoma, ugonjwa unaopofusha. Shirika la Afya Duniani limeziweka makrolaidi hizi tatu katika kundi la antibiotiki zinazopaswa kuangaliwa kwa karibu. Mwaka wa 2019, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha vifo takriban milioni 1.27 duniani.

Kabla ya kupewa dawa, mweleze mhudumu iwapo:

- Una ugonjwa wa moyo, au umewahi kuzirai ghafla. Makrolaidi zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.
- Unatumia dawa ya malaria ya AL, ambayo nayo inaweza kugusa mapigo ya moyo.
- Unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, za kifafa au za kupunguza kolesteroli. Erithromaisini na klarithromaisini zinaweza kuzifanya baadhi yake zirundikane mwilini hadi kudhuru.
- Una ugonjwa wa ini, au umewahi kudhurika na dawa za jamii hii.
- Una mimba, au dawa ni ya mtoto mchanga. Kwa watoto wa wiki chache, erithromaisini na azithromaisini zimehusishwa na kuziba kwa njia ya kutokea tumboni. Mtoto akitapika kwa nguvu kila anaponyonya, mrudishe kituoni.

Wakati wa kutumia

Meza dawa kwa idadi ya siku ulizoandikiwa, hata ukipata nafuu mapema. Usiimeze azithromaisini pamoja na dawa ya kutuliza asidi ya tumbo. Acha angalau saa 2 kati yake. Dawa ya maji ya mtoto ichanganywe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na itikiswe kabla ya kila dozi. Usimgawie jirani vidonge vyako, wala usiweke akiba kwa ugonjwa ujao.

Kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kuhara kidogo ni madhara ya kawaida. Rudi kituoni haraka ukiona mojawapo ya haya:

- moyo kwenda mbio au kizunguzungu kikali;
- macho kuwa ya manjano au mkojo kuwa mweusi;
- uso kuvimba, vipele au kupumua kwa shida;
- kuhara sana au kuhara damu;
- kupungua kwa uwezo wa kusikia.

Beba pakiti ya dawa uliyotumia. Mhudumu ataripoti madhara hayo kwa Bodi ya Famasia na Sumu, na mkazi mwenyewe pia ana haki ya kuripoti.

Unapopewa antibiotiki yoyote, uliza mambo matatu: inatibu ugonjwa gani, nitaimeza vipi na kwa siku ngapi, na ni dalili gani zitanirudisha hapa. Asiyeweza kukujibu hafai kukuuzia dawa hiyo.