TORPEDO YA WHITEHEAD: SOMO LA PRESIO YA MAJI



Wengi kati yetu wanajifunza presio ya maji kwa ajili ya egzameni tu, kisha wanaisahau. Lakini somo hilo ndilo lilifanya silaha moja iogopwe na meli kubwa za vita.

1. Mwanzo. Ofisa mmoja wa Austria, Giovanni Luppis, alitaka kulinda pwani kwa mashua ndogo yenye baruti, inayoongozwa kwa kamba kutoka nchi kavu. Haikufaa. Akamwendea Robert Whitehead, fundi Mwingereza aliyeongoza kiwanda cha mashini mjini Fiume (leo Rijeka, nchi ya Kroatia). Whitehead aliacha kamba. Mwaka 1866 alitengeneza chombo cha chuma, umbo la samaki, kinachokwenda peke yake chini ya maji. Hewa iliyoshindiliwa ndani iliendesha mashini, nayo mashini ikazungusha elisi ya nyuma. Mwendo wake ulikuwa kilometa 11 hivi kwa saa, tena kwa meta 180 hivi tu.

2. Shida. Mara kilizama sana, mara kiliruka juu. Kikizama sana, kinapita chini ya meli bila kuigusa.

3. Dawa. Whitehead aliweka kisahani: upande mmoja kinasukumwa na maji, upande mwingine na resori. Chombo kikishuka, presio inaongezeka, kisahani kinashinda resori, na mapezi ya nyuma yanakiinua. Kikipanda, resori inashinda, mapezi yanakishusha. Lakini kisahani peke yake kilifanya chombo kipande na kushuka bila kutulia. Njo maana mwaka 1868 aliongeza panduli, yaani uzito unaoning'inia. Chombo kikiinamisha kichwa, panduli inasogea mbele na kurekebisha mapezi. Kifaa hicho kiliitwa "Siri".

4. Kazi yake. Mwaka 1870 Waingereza walikijaribu Sheerness. Mwaka 1871 walinunua haki ya kukitengeneza kwa pauni 15.000, na kazi ikaanza Woolwich. Tarehe 29 Mei 1877, karibu na pwani ya Peru, meli yao HMS Shah ilitupa torpedo juu ya meli Huáscar iliyokuwa mikononi mwa waasi. Huáscar ilikimbia, torpedo haikuifikia. Lakini tarehe 12 Agosti 1915, ndege ya Kiingereza iliangusha torpedo ya namna ya zamani, yenye upana wa inchi 14, ikapiga meli ya Waturuki katika bahari ya Marmara.

5. Tufikiri. Whitehead aliuzia nchi nyingine pia. Januari 1878, kule Batum, boti ndogo za Warusi zilizamisha meli ya Waturuki kwa torpedo zake. Basi Uingereza, yenye meli kubwa nyingi kuliko wote, ilipaswa kuzikinga kwa nyavu za chuma. Ililipa pesa kwa siri ambayo ilimpa mwenye boti ndogo nguvu ya kumwangusha mwenye meli kubwa. Silaha haina rafiki: ukiwa nayo wewe leo, kesho jirani iko nayo.

Maswali ya kujipima:
a) Kwa nini kisahani bila panduli hakikutosha?
b) Resori ikikazwa zaidi, torpedo itakwenda chini zaidi au juu zaidi? Eleza.
c) Luppis alitaka kulinda pwani. Je, chombo kilibaki kwa kazi hiyo?