Kabla ya Kumlipa Mkufunzi wa Mazoezi

Mkufunzi wa mazoezi aijuaye kazi yake hutambulika kwa maswali anayouliza kabla hajakukabidhi chuma chochote. Atataka kujua umri wako, kama una shinikizo la damu, kisukari au pumu, kama umewahi kuumia mgongo au goti, na kwa mwanamke, kama ni mjamzito au amejifungua karibuni. Anayekupokea mlangoni kwa kutaja bei na kuahidi kwamba kitambi kitakwisha kwa wiki mbili hajauliza lolote. Hapo tunamshauri mtumiaji asitoe pesa kwanza.

Ahadi hiyo ya wiki mbili tuitazame kwa makini, maana huvuta wateja wengi. Kupungua kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki ndiko wataalamu wa afya hukuona kuwa salama kwa watu wengi. Wala hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya tumbo peke yake. Mwili huchota akiba yake kutoka sehemu mbalimbali, kwa mpango wake wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Kutembea kwa kasi hadi kituo cha matatu huhesabika katika dakika hizo, na hakuna anayekutoza ada. Mkufunzi mwaminifu hatakuficha jambo hilo.

Sasa tuje kwenye malipo. Tuseme ukumbi unatoza shilingi 4,000 kwa mwezi, au 36,000 ukilipa mwaka mzima kwa mkupuo. Punguzo ni la kweli: miezi 12 kwa bei ya miezi tisa. Lakini mteja akiacha kwenda baada ya miezi mitatu, atakuwa ametoa 36,000 kwa huduma ambayo ingemgharimu 12,000. Kwa anayeanza, tunaona ni heri alipe mwezi kwa mwezi, hata kama ni ghali kidogo, mpaka ajue iwapo kazi, watoto na umbali kutoka nyumbani vinamruhusu.

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inazigusa waziwazi huduma za mazoezi na lishe ambazo hulipiwa kabla ya kutolewa. Mkataba wa namna hiyo hupaswa kuwa wa maandishi, usizidi mwaka mmoja, na mtumiaji aweza kuuvunja ndani ya siku 10 baada ya kupokea nakala yake, bila kutoa sababu yoyote. Maneno “pesa hazirudishwi” yaliyobandikwa ukutani hayaifuti haki hiyo. Toa notisi yako kwa maandishi, ubaki na nakala, na stakabadhi ya malipo usiitupe. Ujumbe wa malipo ya simu nao ni ushahidi.

Mkufunzi akikuuzia poda au vidonge vya kujenga misuli, kumbuka kwamba sasa ni mwenye duka, na faida yake imo katika kopo. Kataa kitu kisicho na lebo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho ya matumizi. Dawa za homoni zinazouzwa kwa siri zaweza kudhuru moyo na ini. Protini imo pia katika mayai, maziwa, maharagwe na ndengu.

Maumivu ya misuli yanayojitokeza siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni ya kawaida na hupungua yenyewe. Maumivu makali ya kiungo, kizunguzungu au kubanwa kifua ni jambo jingine. Acha papo hapo, hata mkufunzi akikuhimiza umalizie, na kama ni kifua, nenda hospitali mara moja.