Nalima wapi, na shamba sina?

Swali: Mimi ni mpangaji hapa Makindye, mama wa watoto watatu. Jirani ananishawishi tulime magimbi na mboga bondeni Namuwongo, kando ya mfereji wa Nakivubo. Maji hayakauki. Nikubali?

Jibu: Kwa mboga za majani, dada, usikubali. Kinamasi kile hupokea maji machafu ya jiji, na watafiti waliopima mboga za mabonde ya Kampala walikuta metali za risasi na kadimiamu ndani ya majani. Kuosha hakuondoi kilichokwisha kuingia. Najua wanawake wengi hulima huko kwa sababu ndiyo ardhi pekee wasiyoombwa kodi, na hilo linaniuma.

Tumia magunia uani. Simamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, jaza udongo uliochanganywa na mboji, kisha toboa ubavuni na upande mboga kama nakati, doodo na sukuma wiki. Doodo huvunwa baada ya wiki nne hivi. Mboji usinunue: maganda ya matooke, majivu na samadi ya kuku, yakigeuzwageuzwa, huiva kwa miezi miwili au mitatu.

Zungumza na mwenye nyumba kwanza. Gunia huhama nawe, lakini maji ya bomba ni yake. Kilimo mjini kinatambuliwa na sheria ndogo za Kampala za mwaka 2006, na kituo cha kilimo cha jiji kiko Kyanja. Nendeni wanawake wanne au watano pamoja, mkaulize mafunzo na miche.