SOMO LA KIKUNDI: MAJI YA PAA, UFA WA UKUTA NA SUKUMA WIKI



Tunapopita vijijini tunaulizwa swali moja kila mara: "Tukipata zile pesa kidogo za kuzungushana, tuanze na nini nyumbani? Rangi, sakafu ya saruji, ama bustani?" Swali ni zuri. Jibu letu kwa watu wa Mwea ni hili: anzeni na maji. Hatusemi maji ya kunywa, hayo yana somo lake. Tunasema yale yanayoanguka kutoka kwa paa wakati wa mvua, na yale mnayomwaga nje mkimaliza kuosha vyombo. Hayo ndiyo yanayopasua nyumba zenu, na hayo hayo ndiyo mboga zenu zinayalilia.

Tulivyokosea sisi wenyewe

Kabla ya kufundisha, heri tuungame. Miaka michache iliyopita tulimshauri mama mmoja, mjane wa kikundi kisicho mbali na Wang'uru, alime bustani kando kabisa ya ukuta wa jikoni. Tuliona ni akili. Ni karibu na mlango, kuku wanaonekana wakikaribia, na maji ya vyombo yanamwagwa tu kupitia dirishani. Mboga zilikubali sana, mpaka majirani wakaja kuomba miche. Sisi tukafurahi, tukaandika ripoti nzuri.

Basi mvua ya Novemba ikapita, kiangazi cha Januari na Februari kikaja. Ukuta ule ukafanya ufa kutoka pembe ya dirisha hadi chini, ufa wa kuingiza kidole. Mlango ukakataa kufunga. Mama yule hakutugombeza. Alituita, akatuonyesha, akasema, "Mboga nimekula, asanteni. Lakini angalieni nyumba." Kikundi kilichanga upya kurekebisha upande ule, na pesa zile zingetosha kuwekea nyumba mbili mifereji ya paa. Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumejifunza bustani ya jikoni kwa mifano ya udongo mwekundu, tukaileta huku chini bila kuuliza udongo wa huku unataka nini.

Udongo mweusi

Mtu wa Kerugoya ana udongo mwekundu, unakunywa maji na kutulia. Sisi wa skimu, sehemu kubwa, tuna udongo mweusi. Ukilowa unafura, ukikauka unanywea. Nani hajaona nyufa za shamba wakati wa kiangazi, mtoto akiangusha kalamu haipatikani tena? Mambo yale mnayoyaona shambani yanatokea pia chini ya kitanda chako, ila huyaoni.

Udongo huu ulipendwa kwa sababu unashika maji ya mpunga. Skimu ilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na sehemu kubwa ya kazi ya kuchimba ilifanywa na watu waliozuiliwa kambini. Mpangaji alipewa kama ekari 4 za mpunga, na nyumba zikawekwa pamoja kijijini. Ramani ile ilitazama mpunga. Bustani ya mama haikufikiriwa sana. Kitabu cha Robert Chambers na Jon Moris juu ya Mwea, kilichotoka mwaka wa 1973, kilieleza mapema namna wanawake wa skimu walivyohangaika kwa kuni na kwa chakula cha nyumbani kisichokuwa mchele. Hata leo mnajua boma lenye magunia ya pishori ndani, na mama anahesabu sarafu jioni akanunue mboga.

Turudi kwenye ukuta. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye somo. Nyumba haipasuki kwa sababu udongo umefura. Hupasuka kwa sababu upande mmoja umefura na upande mwingine umebaki mkavu. Upande mmoja unainuliwa, mwingine umekaa, ukuta katikati unafanyaje? Sisi tulikuwa tunanywesha upande wa jikoni kila siku na kuacha upande wa mbele ukauke. Mti nao hufanya kinyume chake. Mkaratusi uliopandwa karibu na nyumba unanyonya maji ya pembe moja, udongo wa pembe ile unanywea, na pembe inashuka. Mkaratusi ukae mbali na nyumba, angalau kwa umbali wa urefu utakaofika ukikomaa.

Tuhesabu maji

Chukueni nyumba ya mabati ambayo paa lake limefunika mita 6 kwa 4. Hiyo ni mita za mraba 24. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 hutoa lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo kwetu si mvua ya kushangaza, inaleta lita 240. Ni mitungi 12 ya lita 20. Tuseme mingine inapotea kwa kuruka na kuvuja, bado unabaki na mitungi kama 10.

Hebu fikirini jirani akija na mitungi 10, aimwage yote kando ya msingi wa nyumba yako kisha aende zake. Si utamwita chifu? Na paa linafanya hivyo kila mvua.

Kazi yenyewe

Wakati wa mvua simameni nje mtazame ni wapi matone ya paa yamechimba mstari ardhini. Mstari ule ndio adui. Kama kuna pesa, wekeni mifereji ya paa. Bati bapa moja fundi anaweza kulikata vipande vitatu kwa urefu, akavikunja, na kazi ikawa rahisi kuliko kununua mifereji iliyotengenezwa dukani. Ulizeni bei Wang'uru na ulizeni pia Kagio, msinunue mahali pa kwanza. Mfereji uteremke kidogo, upana wa kidole kwa kila mita, na sehemu ya kutokea iwe upande ule mtakaoweka bustani. Anzeni na upande mmoja wa nyumba kama pesa ni haba, ule ambao ardhi yake inainamia ukutani.

Kama hakuna pesa, jembe lipo. Jazeni murram au udongo mwekundu kando ya ukuta kuzunguka nyumba yote, upana wa mita moja hivi, mshindilie kwa mguu na kwa gogo mpaka uwe mgumu, uteremke kutoka ukutani kwenda nje. Ukingo wa nje chimbeni mtaro mdogo unaoelekea bustanini. Lori moja la murram likigawanywa na nyumba kadhaa si mzigo wa mtu mmoja, na hapo ndipo kikundi kinaonyesha faida yake. Msitumie udongo mweusi kujazia hapo. Utapasuka, na nyufa zake zitapeleka maji moja kwa moja chini ya ukuta.

Maji yasisimame kwenye mtaro. Kwa joto letu, yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hivi, na malaria tunaijua. Pipa la kukinga maji lifunikwe, na mdomo wake ufungwe kitambaa.

Bustani iende wapi?

Sasa tunasema hivi: mita 3 kutoka ukutani, na zaidi kama boma linaruhusu. Inueni matuta, kimo cha sentimita 30 hivi, kwa sababu udongo mweusi ukishiba maji mizizi inakosa hewa na mboga zinageuka manjano, halafu watu wanasema ni ugonjwa. Changanyeni samadi iliyooza vizuri na majani ya mpunga yaliyokatwakatwa. Majani mengine mfunike juu ya tuta, yanazuia jua lisipasue udongo.

Maganda ya mpunga mnayaona yamelundikwa kwenye vinu vya Wang'uru. Wengi wanayamwaga bustanini yakiwa mabichi. Yanaoza polepole mno, na wakati yanaoza yanashindana na mboga kwa chakula cha udongo. Afadhali myachome kwanza kwa moto wa kufukuta mpaka yawe meusi, kisha myazime kwa maji kabla hayajawa jivu jeupe. Hayo meusi yanalainisha udongo wetu vizuri.

Boma likiwa dogo kama mengi ya vijijini, tumieni gunia. Katikati simamisheni kopo kubwa lisilo na kitako wala kifuniko, mjaze kokoto, mzunguke pembeni kwa mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi, halafu mvute kopo juu mjaze tena, mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya kokoto ndiyo inayopeleka maji mpaka chini. Toboeni matundu pembeni na mpande miche ya sukuma wiki. Juu pandeni terere ama dania. Gunia la nailoni linachoka kwa jua, likianza kumeguka mjue ni wakati wa lingine.

Maji yenye sabuni msimwagie mboga za majani. Yapelekeni kwa migomba, mkibadilisha shimo na shimo. Mwisho wa mtaro, pale panapobaki na unyevu, ndipo nduma inapokaa. Na wale mnaochota maji ya mfereji wa skimu kunyweshea, kumbukeni kichocho. Vaeni buti mnapoingia majini. Maji yakikaa siku 2 nzima kwenye pipa safi lisilo na konokono, vijidudu vile vinakufa, hapo mikono yenu iko salama zaidi.

Ufa ulioko tayari

Msikimbilie saruji. Ufa unakuwa mpana zaidi wakati wa kiangazi. Ukiujaza saruji ngumu mwezi wa Februari, mvua ya Aprili inafurisha udongo, ukuta unataka kurudi mahali pake unakuta saruji, basi unapasukia kwingine. Ondoeni kwanza maji ukutani. Pigeni alama ya kalamu mwisho wa ufa na kuandika tarehe. Mkiona misimu miwili imepita bila ufa kuvuka alama, ndipo mzibe.

Kwa nyumba ya udongo, msiulize mtu mchanganyiko wa kupaka. Fanyeni jaribio. Finyangeni madonge matano ya ukubwa wa ngumi: la kwanza udongo mweusi mtupu, la pili mweusi na mchanga, la tatu mweusi na mchanga na majani ya mpunga yaliyokatwa, la nne udongo mwekundu na mchanga, la tano mwekundu na mchanga na mavi ya ng'ombe. Yawekeni kivulini wiki moja. Yatasema yenyewe.

Igizo fupi

Wawili wa kikundi waigize, wengine watazame.

MKE: Baba watoto, pesa za kikundi zinanifikia mwezi huu. Nilikuwa nafikiria mifereji ya paa.

MUME: Mifereji? Wageni wa ruracio wanakuja Desemba. Nyumba ipakwe rangi mbele.

MKE: Wageni watakaa siku moja. Huu ufa tunakaa nao mwaka mzima.

MUME: Ufa uko nyuma, nani atauona?

MKE: Na mboga je? Kila jioni nakuomba pesa za mboga.

MUME: Sawa, lima. Lakini ukianza kuuza, nataka kujua pesa zinaenda wapi.

MKE: Mchele ukiuzwa, baba watoto, mimi huuliza?

(Wanyamaze hapo. Msimalize igizo.)

Tumeliweka hivyo kwa makusudi, kwa sababu vikundi viwili tulivyovitembelea vilikwama mahali hapo hapo. Bustani ilifanikiwa, mboga zikaanza kuuzwa, na kwa nyumba nyingine mama aliona heri aache kulima kuliko kugombana. Jembe na mtaro tunaweza kuwafundisha. Hilo jingine mnalijua ninyi. Sisi tunaona jambo moja tu: nyumba ambazo mume na mke walikubaliana juu ya pesa za mboga kabla ya kupanda, bustani zao zipo mpaka sasa.

Maswali ya kujadiliana

Mume katika igizo ana ubaya gani, na ana haki gani? Akina baba wajibu kwanza, akina mama wasikilize, kisha mbadilishane.

Katika kijiji chenu ni nyumba ngapi zina ufa upande wa jikoni? Zungukeni mhesabu, msikisie.

Pesa za mboga zikipatikana, nani aziweke, na mbele ya nani?

Mkutano ujao mje na yale madonge matano, yawe makavu. Na kikundi kichague boma moja la kuanza kazi kabla ya mvua ya Machi. Tunaomba lisiwe la mwenyekiti.